Mjukuu Wangu Alipomtaja Kijana wa Jirani

Mjukuu wangu alichezea timu ya taifa ya wanawake, na sioni haya kusema ni mimi niliyemlea hapa Kaole kwa muhogo na dagaa. Shule niliishia darasa la pili, lakini mabao yake yote nayajua.

Mwaka jana kijana wa jirani yangu alichukuliwa sokoni, mchana kweupe, na watu wasiojulikana, wakamtia garini. Polisi wakasema hawanaye. Wiki zikapita, mama yake akaja kibarazani kwangu.

"Shoga yangu, mjukuu wako akihojiwa redioni amtaje mwanangu. Yule watu wanamsikiliza."

Nikasema nitafikisha. Sikufikisha. Mimi ndiye somo wa mjukuu wangu. Alipovunja ungo nilimcheza unyago mwenyewe, nikamfunda kwamba mdomo ukifungwa nyumba husimama. Nikaona mpira ndio nyumba yake.

Alipokuja likizo akaenda kumwamkia jirani. Akarudi macho mekundu.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Kazi yako miguu. Mdomo waachie wabunge."

"Wabunge hawakunywa uji wa mama huyu. Mimi nimeunywa kila asubuhi nikienda mazoezini."

"Watakutoa timu."

"Watanitoa nikiwa nimeshasema."

Nikamwambia kichwa kigumu kama cha babu yake. Akacheka, akanikunia nazi, akaondoka na lake moyoni.

Jumapili ile alifunga mawili. Mtangazaji wa redio akamuuliza bao tamu ni lipi. Akasema, "Kaole kuna kijana hajarudi kwao. Mama yake anauliza yuko wapi. Na mimi nauliza." Wakaweka muziki. Jirani alikuwa kwangu. Alinibana mkono mpaka pete ikaniumiza.

Kesho yake kocha akanipigia simu.

"Shikamoo, bibi. Wewe ndiye anayekusikiliza. Mwambie aombe radhi, nimbakize kikosini."

"Marahaba. Hilo la kufunga mdomo nilishamfundisha mara moja, mwanangu. Sirudii."

Nilijibu kwa kiburi, kisha nikaenda kutia komeo mlangoni. Kikosi kilipotangazwa hakuwamo. Kijana wa watu naye mpaka leo hajarudi.

Sasa mjukuu wangu anakimbia peke yake ufukweni, huko upande wa Mbegani. Namfuata na mguu wangu huu mbovu, nakaa mchangani namtazama. Hataki, anasema namtia aibu. Na aaibike. Gari likipunguza mwendo kule barabarani, mimi nasimama.