Nilimharibia Mama Zuhura Mtihani wa Hesabu, Leo Yeye Ndiye Ananiomba Msamaha

Admin, chonde, ficha jina langu. Hapa Masasi tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Kitangari, nina wajukuu wawili, na kanisani wananiona mtu mwema.

Miaka ile ya soko huria, watu binafsi walipoanza kufungua ofisi zao, Baba Neema, mfanyabiashara aliyehamia hapa mjini, alifungua ofisi ya uchapaji yenye kompyuta moja. Aliniajiri mimi na Mama Zuhura, mjane wa Chiungutwa. Alinizidi umri sana. Ndiye aliyenifundisha kuchapa, na muhogo wake wa mchana tulikula wote.

Kazi yetu kubwa ilikuwa mitihani ya hisabati ya sekondari. Programu tuliyochapia haikukuonyesha alama kwenye skrini. Unaandika maagizo, alama unaziona karatasi ikitoka. Ili ijue kuchora alama za hesabu unaiwekea vifurushi, yaani mafaili madogo ya maelekezo. Tulikuwa na viwili, navyo viligombana: vyote vilitumia neno moja, kimoja kwa alama ya kipeuo, kingine kwa nafasi tupu. Kilichotajwa mwisho ndicho kilichotawala. Nilihangaika wiki nzima, vipeuo vinapotea tu. Mama Zuhura akaviondoa vyote, akarudisha kimoja kimoja huku akichapa, mpaka akamjua mchawi. Akapindua mpangilio wa mistari miwili inayovitaja vifurushi, vipeuo vikarudi.

Baba Neema akamsifu mbele ya walimu. "Huyu ndiye fundi. Huyu mwingine ni wa kufagia." Walimu wakacheka. Mama Zuhura hakucheka, lakini niliyemchukia ni yeye.

Ukaja mtihani wa pamoja wa shule za Masasi na Newala. Aliuchapa, akaukagua, ukawa safi. Akaniomba nitoe nakala ya kwenda kudurufiwa, yeye akaenda kuswali adhuhuri. Nikafungua faili, nikaipindua ile mistari miwili. Palipokuwa na kipeuo cha pili cha kumi na sita pakabaki kumi na sita tupu. Nikafunga bahasha.

Mtihani ulifutwa watoto wakiwa wameshakaa kwenye madawati. Walimu wakaja ofisini na hasira. Mama Zuhura akafungua faili, akaona mistari imepinduka.

"Mama mzima," Baba Neema akamfokea, "mistari miwili tu imekushinda?"

Mama Zuhura akanigeukia. "Mwanangu, ulipotoa nakala hukuona kitu?"

Nikajibu kwa sauti, wote wasikie: "Mimi si wa kufagia? Nitajuaje?"

Alifukuzwa siku ileile. Nikakalia kiti chake kwa miaka mingi. Binti yake Zuhura, aliyekuwa kidato cha pili, aliacha shule, akaolewa na mtu aliyekuwa akimpiga. Nilisikia yote. Sikwenda hata kumjulia hali.

Mwezi uliopita nikakutana nao sokoni. Mama Zuhura haoni tena, Zuhura anamwongoza kwa mkono. Nilitaka kupita kimya, Zuhura akaniita. Nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Aliijua sauti. Akaushika mkono wangu. "Miaka yote naipanga ile mistari kichwani, sijui niliikosea vipi. Ila kinachoniuma ni wewe. Nilikuuliza mbele za watu kama vile mkosaji ni wewe. Nisamehe."

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi. Zuhura alikuwa amesimama pale, kovu shavuni.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama."

Alilia kwa furaha. Jumapili hii wanakuja kwangu kula, Zuhura anasema mama yake sasa analala vizuri. Nikisema ukweli, namrudishia uchungu uzeeni, na mwanawe atajua nani alimwondoa shuleni. Nikinyamaza, nitamkaribisha mezani kama mtu niliyemsamehe. Nitukaneni mkitaka, nimestahili, ila mnishauri: Jumapili nimwambie nini?