Ukurasa Uliokwenda na Kichanga

Mama yangu mdogo ni mkunga. Tangu aanze masomo ya diploma, wenzake wodini wanamwita Profesa. "Profesa, kitanda cha nne wanakuita, au mpaka wakuandikie barua?" Naye hucheka nao. Lakini Jumatatu ile alipokuja maktaba ninakofanya kazi, hakuwa na kicheko. Aliweka karatasi zake mezani kwangu, akaketi bila kukaribishwa.

"Mwanangu, nimekwisha."

Ulikuwa muhtasari wa makala kuhusu kuwakinga na baridi watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Kurasa mbili safi, zinaeleweka. Juu yake mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Haya ni maneno ya nani? Lete chanzo kabla ya Jumatano saa nne, la sivyo nitahesabu umeiba.

Kuhesabiwa hivyo ni kufutwa masomo. Mama Mdogo ana miaka arobaini na minne, na hospitali yao haimsomeshi mtu aliyefikisha arobaini na tano.

"Kwani hukumtaja mwandishi?"

"Nimtaje wapi? Nimeandika kama tunavyoandika daftari la zamu. Mtoto amenyonya, joto limeshuka, basi. Nani anauliza kasema nani?"

Nikamweleza kwa sauti yangu ya chini, ambayo yeye huiita ya kuongea na sisimizi. Katika maandishi ya chuo, sentensi ya kwanza humtambulisha mwenye maneno: jina lake, mwaka, kichwa cha makala. Kisha kila baada ya hatua chache unamkumbusha msomaji kwamba anayesema bado ni yule yule.

"Ni kazi ya dakika tano, Mama Mdogo. Nipe hiyo makala."

Akanipa nakala. Ilianzia ukurasa wa pili.

Nilimtazama. Yeye alitazama mikono yake.

"Ule wa kwanza ulikuwa mweupe nyuma," alisema. "Kadi za kliniki zilikuwa zimetuishia. Kuna mama alikuwa anaruhusiwa na kichanga chake. Ningemwandikia wapi siku ya kurudi?"

"Arudi lini?"

"Alhamisi."

Kitabu alichotolea nakala hiyo kilikuwa kimeozea kwenye kabati la wodi, chini ya paa linalovuja. Siku mbili nilitafuta. Nilichukua sentensi moja moja nikazipeleka kwenye kompyuta, nikafungua majarida ya zamani mpaka vumbi likanikaba koo. Mama Mdogo alipiga simu kwenye namba iliyoandikwa katika rejista ya wazazi. Haikupatikana. Alipiga tena na tena, hata akiwa amesimama mlangoni kwa mwalimu, Jumatano, saa nne kasoro.

"Mwandishi yupo, mwalimu," alimwambia, akimrudishia ile kazi. "Nitamleta kesho."

"Kesho si leo, sista."

Alasiri orodha ya wanafunzi ikabandikwa. Jina lake lilikuwa limepigwa mstari.

Alhamisi asubuhi yule mama akaja, karatasi imekunjwa mara nne ndani ya shali ya mtoto. Mama Mdogo alimpima mtoto kwanza. Alikuwa ameongezeka uzito. Ndipo akaiomba karatasi.

"Siitoi, sista," yule mama alisema, akiibana kifuani. "Si wewe uliyesema nikiipoteza sitapokelewa?"

Wauguzi walicheka. Mama Mdogo hakuweza. Alimjazia kadi mpya, wakabadilishana.

Tulikwenda pamoja kwa mwalimu. Aliusoma ukurasa: jina, mwaka, kichwa cha makala, vyote vilikuwepo. Akaugeuza. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa Mama Mdogo: Alhamisi, saa mbili, mletee shali nzito.

"Amerudi?" mwalimu aliuliza.

"Amerudi. Ameongezeka."

Mwalimu alivua miwani.

"Orodha imeshafika juu, sista. Siwezi kuirudisha."

Mama Mdogo akanyoosha mkono.

"Basi naomba ile kazi yangu. Na kalamu."

"Ya nini tena? Haitasahihishwa."

"Najua. Lakini huyu mtu nimekaa na maneno yake mwezi mzima, nikawakinga nayo watoto wa watu. Isibaki hivi."

Aliinamia meza ya mwalimu. Juu kabisa, kwenye nafasi nyembamba iliyobaki kando ya wino mwekundu, akaandika jina la mwandishi, herufi moja moja, kisha mwaka. Nami nikamshikia karatasi.