Watu wa Meza ya Shangazi Oma

Kampuni ya mtandao ilikuwa na punguzo la bei kwa wazee wasio na kitu, na kwa ukarimu wake ililiweka mahali pasipofikika na mzee yeyote: humo humo mtandaoni. Kwa hiyo ukoo mzima wa bonde moja la Kentucky ukamtwika kazi hiyo Darlene Combs, mpishi wa shule. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba aliikumbuka nywila yake.

Mzaha haukuwepo kwa Mjomba Hobert, mume wa Shangazi Oma. Vumbi la makaa ya mawe lilishamaliza mapafu yake, na kila Jumanne daktari alimwona kwenye kioo cha simu. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya milima mitatu. Safari ingemuua kabla ya ugonjwa. Bila punguzo, mtandao ungekatwa mwisho wa mwezi.

Fomu iliuliza ni wangapi wanaokula pamoja na kuchangia gharama.

"Kumi na mmoja," alijibu Shangazi Oma.

"Shangazi, mnaishi wawili humu!"

"Swali ni la kula. Jumapili mkitoka kanisani mnakula wapi, hotelini? Na viazi analeta nani, si binamu yako Travis?"

Darlene alikuwa amechoka, akaandika kumi na mmoja. Fomu ikadai mapato ya wote, pamoja na mshahara wa Travis wa mgodini. Baada ya siku mbili jibu likaja: ombi limekataliwa, familia ina uwezo. Hongera zao! Matajiri wenye paa linalovuja.

Ikabidi wapige simu. Mhudumu, binti mwenye sauti ya asali, akataka mwenye nyumba aape mwenyewe.

"Mama, mezani kwako mnakula wangapi?"

Shangazi akafunika simu kwa kiganja. "Niwakane watu wangu mbele ya mgeni?"

"Sema wawili, Shangazi. Neno moja tu!"

Chumba cha pili Mjomba Hobert alikohoa, akakohoa tena, hakunyamaza. Shangazi akaondoa kiganja.

"Wawili," alisema. "Naapa."

Punguzo likatoka, la mwaka mzima. Darlene alijiona jemadari. Jumamosi simu yake ikalia.

"Kesho msije."

"Kuna mgonjwa?"

"Niliapa tuko wawili. Mimi si mwongo. Mwaka ukiisha mtakuja."

Walimsihi. Mchungaji alimsihi. Travis alifika na gunia la viazi, akarudishwa nalo. Nani amwezaye mwenye kichwa kigumu? Jumapili tano zikapita, maharage na mkate wa mahindi kwa watu wawili.

Jumanne iliyofuata Darlene aliomba ruhusa kazini akaenda kumshikia mjomba simu. Mtandao ulikuwa safi, picha haikukwama hata mara moja. Daktari alimwambia Mjomba Hobert apande mizani, Darlene akasoma namba.

"Mapafu ni yale yale," daktari alisema, "lakini umepungua kilo nne. Huli?"

"Napakuliwa," alijibu mzee. "Nikiona viti vile vitupu, chakula hakipiti."

"Kwani unakula na nani?"

Shangazi Oma akainama hadi uso wake ukajaa kwenye kioo. "Tuko wawili tu, daktari. Andika hivyo hivyo."

Darlene, simu bado mkononi, aliomba kwa moyo wote mtandao ukatike.