Mzee Niliyeshindwa Kumpita

Mie ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga hukimbia mvua tu. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba yaliyonipata kwenye kilima cha Bertrams, Johannesburg, asubuhi moja ya Julai yenye baridi ya kukata masikio, niliyataka kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tulikuwa na miaka tisa Johannesburg. Mume wangu alikuwa mmoja wa vijana wa Afrika Kusini waliokimbilia kwetu wakati wa mapambano. Tulikutana Morogoro, tukaoana, na nchi yao ilipofunguka akanileta kwao nikiwa na mtoto mgongoni, hajatimiza mwaka. Sasa binti huyo alikuwa na miaka kumi. Kiswahili alikisikia chote, hata nikinong'ona jikoni na shoga yangu, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na akiudhika anakujibu Kizulu. Baba yake alisema nimwache, mtoto ni wa huku. Kwake yeye ilikuwa rahisi, mama yake anakaa mtaa wa pili.

Wangu yuko Tanga, na hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tulikwenda Berea, kwenye chumba cha simu cha Mkongo mmoja, tukampigia. Mie nikishaongea nampa mtoto simu. Mtoto anasema haloo, bibi, halafu kimya. Bibi anamuuliza amekula nini, mtoto ananitazama. Bibi anauliza tena, mtoto ananirudishia simu. Jumapili moja mama yangu aliniuliza, kwa upole wa kuniua kabisa, kama mjukuu wake ana kasoro ya kusema ambayo tunamficha. Niliumia, nisiseme uongo. Nililia njia nzima hadi nyumbani na wala sikuona haya.

Sasa mbio zenyewe. Jirani yetu alikuwa mwalimu wa kike, mkimbiaji wa klabu ya mtaani. Kila asubuhi aliniona nikitembea haraka haraka kwenda kazini Fordsburg, ambako nilikuwa nauza vitambaa, na akajipigia hesabu zake: Mtanzania, Kilimanjaro, mbio. Siku moja akaniuliza kama kwetu watu hukimbia milimani. Badala ya kumwambia ukweli, kwamba Kilimanjaro nimeiona kwenye picha tu kama yeye, nikajitia kuinua mabega na kusema kwetu hilo ni jambo la kawaida. Jioni akagonga mlango na fomu ya mbio za kilima za majira ya baridi. Aliyefungua ni binti yangu. Alipofahamu fomu ni ya nani, alicheka mpaka akakaa chini.

Kicheko kile kilinipandisha mori. Nikamwambia mbele ya baba yake kwamba nitakimbia, na nikimaliza mizunguko yote mitatu ya kilima iliyoandikwa kwenye fomu kabla ya filimbi ya mwisho, ataongea na bibi yake kwa Kiswahili, maneno kamili, si haloo. Akafikiri. Ana kichwa cha wakili yule. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba sawa, lakini nikichelewa, hata kwa hatua moja, nisimlazimishe tena maisha yangu yote. Nikapiga moyo konde, tukapeana mikono. Mume wangu alikohoa kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Nilikuwa na wiki sita. Siku ya kwanza nilipanda kilima hadi nguzo ya tatu ya umeme, nikakaa kando ya barabara, na mama mmoja mwenye spaza, kiduka cha nyumbani cha mtaani, akaniletea maji akidhani nimezidiwa. Nilikuwa nimezidiwa kweli. Lakini kesho yake nikarudi, na kesho kutwa, kila nikitoka kazini. Wiki ya tano nilikuwa napanda mara tatu bila kukaa, na yule mama wa spaza akawa ananipigia makofi.

Siku yenyewe majani yote yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Nilivaa tracksuit ya mume wangu na soksi zake mikononi, maana glavu sikuwa nazo. Wenzangu wote walikuwa wamejivika mifuko myeusi ya taka kujikinga na baridi, na honi ilipolia wakaichana na kuitupa pembeni. Mie wangu niliuvua taratibu, nikaukunja, nikautia mfukoni. Mfuko mzima vile, unautupaje jamani?

Tulipewa dakika tisini. Desturi yao huku ni kwamba msimamizi mwenye filimbi husimama kwenye mstari wa mwisho akiwapa mgongo wakimbiaji, ili asimwone anayekuja akamhurumia. Muda ukifika anapuliza, na aliye nje ya mstari hahesabiwi. Mstari ulikuwa juu kabisa ya kilima, na hapo ndipo aliposimama binti yangu na baba yake, mtoto kashika khanga yangu kifuani.

Mzunguko wa kwanza nilikimbia kwa adabu, kama ninayekiamkia kilima. Kwenye meza ya maji wakanipa maji ya vifuko vya plastiki. Sikujua kama vinang'atwa pembeni, nikaminya, yakanirukia usoni na kuniganda kwenye nyusi. Mzunguko wa pili kijasho kikanitoka, pumzi ikakaa sawa, na nilipopita juu binti yangu alinionyesha saa ya baba yake bila kusema kitu. Hakuwa anacheka tena. Wa tatu, nilipofika kwenye robot, zile taa za barabarani zilizo chini ya mpando wa mwisho, nilikuwa na dakika kumi na mbili. Mpando ule nilikuwa naupanda kwa saba. Nilishaanza kumsikia mama yangu akicheka kwenye simu.

Basi mbele yangu alikuwapo mzee. Mwembamba, kichwa cheupe, kaptura imemzidi, mkono mmoja kwenye goti. Alikuwa anatembea. Wengine walimpita kulia na kushoto kama wanapita nguzo. Mie niliyelelewa kwa mama yangu siwezi kumpita mtu wa umri wa baba yangu kama napita nguzo. Nikapunguza mwendo nikamsalimu kwa Kizulu, kwa heshima, nikiwa na nia ya kuendelea zangu.

Loo! Nilisahau kwamba na wao wana salamu zao. Mzee akafurahi kweli. Akaniuliza nimeamkaje, watoto wameamkaje, na kule nilikotoka wameamkaje. Nikajibu yote nikirukaruka pale pale. Kisha akaniuliza, "Wewe ni makoti wa ukoo gani?" Makoti ni mke wa mtoto wao, bibi harusi hata ukiwa na mvi. Nikamtajia ukoo wa mume wangu.

Heri nisingemtajia. Mzee akasimama, akanyanyua mkono kutoka kwenye goti, akaanza kutaja sifa za ukoo, babu kwa babu, wale waliovuka mito na wale waliopigana na simba. Mama mkwe wangu alinifundisha wiki ya kwanza kabisa: sifa za ukoo zikitajwa, makoti hakatizi na wala haondoki. Anasimama, au kama msemaji anatembea, anatembea naye. Tukatembea. Babu mmoja, hatua mbili. Babu mwingine, mzee anapumzika. Najua kabisa kila jina linalotajwa linanila dakika, na niko radhi kulia, lakini miguu ilikataa kumwacha. Na ukweli wote niuseme: katika miaka tisa hakuna mtu wa barabarani aliyewahi kunitajia ukoo ule kana kwamba na mie ni wake.

Kilichoendelea juu kule alinisimulia baadaye mwalimu jirani yangu, aliyekuwa amemaliza zamani. Watu walishangaa mbona yule mama anatembea na nguvu anazo. Binti yangu ndiye aliyewaeleza. Aliwaambia kwamba yule ni mzee, kasalimiwa, sasa anataja ukoo wetu, na mama hawezi kumpita mpaka amalize. Alikuwa anapiga mguu chini kwa hasira, lakini alieleza vizuri, hakuna aliyeuliza tena.

Mzee alimfikia babu wa mwisho tukiwa tumebakiza kama hatua thelathini. Akageuka kunitazama, akaona uso wangu, akaona na mgongo wa msimamizi, ndipo akaelewa. Akanishika mkono wenye soksi tukakimbia, yeye mbele kwa nusu hatua, goti lake likigoma, mie nikimvuta na yeye akinivuta. Filimbi ililia tukiwa na hatua kumi. Hatukusimama. Watu walitupigia makofi kana kwamba tumeshinda, na msimamizi alipogeuka akamsalimu mzee kwa kuvua kofia.

Mie niliinama nikishika magoti. Nikamwona binti yangu anakuja na khanga. Akanifunika mabegani, akaikaza vizuri kifuani kama ninavyomfanyia yeye akitoka kuoga.

"Umechelewa, mama," akasema. "Kwa sababu ya salamu."

Nilikuwa nahema sana, sikugundua kitu. Mume wangu ndiye aliyegundua. Aliacha mdomo wazi, nami nilipotaka kumuuliza ana nini, akanikonyeza ninyamaze. Tukaenda kunywa supu na mzee. Binti yangu hakusema Kiswahili tena siku ile, na mie sikuthubutu kumgusia. Ahadi ni ahadi, na nilikuwa nimeshindwa.

Jumapili tukaenda Berea. Niliongea na mama yangu, nikamaliza habari, na kwa mara ya kwanza sikumpa mtoto simu. Nilikuwa namuaga mama kwa sauti ya kawaida nilipouona mkono wa binti yangu mbele ya uso wangu, kiganja wazi. Nikampa. Nikabandika sikio langu karibu na lake.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Mama ameshindwa mbio."

Kule Tanga mama yangu akaitikia marahaba kwa sauti iliyokatikakatika, akataka aambiwe ameshindwaje. Mtoto akamweleza. Maneno yalikuwa yanajikwaa, mengine akiyatafuta darini, lakini alimfikisha mzee na goti lake hadi juu ya kilima.

"Na huyo mzee," bibi akauliza, "alitangulia kufika?"

"Ndiyo. Mbele kidogo."

"Basi vizuri," mama yangu akasema. "Haya, niambie. Leo umekula nini?"

Binti yangu alinitazama. Kisha akageuzia uso ukutani.

"Wali na kuku, bibi," akasema. "Lakini mama ameunguza."