Kamera ya Chama Kimoja

Watu walimwita Chama Kimoja, naye hakulikataa jina. Katika miaka thelathini ya kupiga picha hakuwahi kushika kamera ya kampuni nyingine. Begi, mkanda wa shingoni, hata kikombe chake cha chai, vyote vilikuwa na nembo ileile. Ukiisifu kampuni ya pili mbele yake, alikukatiza. "Hiyo si kamera, hiyo ni redio iliyokosa sauti."

Ubishi wake ulikuwa na sababu, ila hakuitangaza. Kamera yake ya kwanza alinunuliwa na mama yake, aliyeuza cherehani ili aipate. Kwake yeye, kuihama kampuni ile ilikuwa sawa na kumpa mama kisogo.

Jumapili moja alasiri mama alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, masanduku yake yamefungwa mlangoni. Kesho yake angeondoka kwenda kuishi na mtoto wake wa kwanza, nchi ya mbali, na kwa umri wake kurudi kulikuwa majaliwa. Pazia jeupe lilivimba na kunywea polepole, likiingiza mwanga na kuutoa, na chumba kizima kilionekana kusinzia macho wazi. Chama Kimoja alitaka kitu kimoja tu, picha ya mama akicheka. Hakuwa nayo. Kicheko cha mama huja mara moja kikapotea kabla hujasema lo.

Alimtania, mama akacheka. Kamera ikavuta mbele, ikarudi nyuma, zzz, zzz, ikitafuta pa kulenga, na ilipopata ikawa imepata pazia. Mara ya pili, pazia tena. Mara ya tatu ikalenga mkono wa kiti, barabara kabisa, ungeweza kuhesabu nyuzi. Mama alikuwa ukungu wenye meno.

"Ni huu mwanga," alisema Chama Kimoja.

"Ni fokasi, kaka, haiwezi tena kulenga." Huyo alikuwa mdogo wake wa kike, naye mpiga picha, tena wa kampuni ya pili, aibu ya ukoo. "Imechoka. Chukua yangu. Hii ikishaliona jicho la mtu hailiachi."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Mama anaondoka, wewe umeng'ang'ania nembo!"

Ilimchoma. Akamgeukia mama, na la moyoni likamtoka. "Mama, kampuni hii ulinichagulia wewe. Cherehani yako iliondoka kwa ajili yake. Nitaiachaje?"

Mama alimkazia macho. "Nilichagua nini, mwanangu? Dukani ilibaki hiyo moja tu. Hata jina lake mpaka leo silijui."

Kisha akauona uso wa mwanawe ulivyomshuka, akaangua kicheko. Dada alishamtia kaka mkanda wa kamera yake shingoni. Kijisanduku cha kijani kwenye kioo cha kamera kikatua kwenye jicho la mama na kulifuata kila alipoyumba kwa kucheka, naye kaka akabonyeza, akabonyeza, kama mtu anayeota na hataki kuamshwa. Mama alitoka mzima, kope hadi kope.

Mama akaomba aione. Aliitazama muda mrefu. "Hii ni ya kwako," alisema. "Yangu iko wapi?"

"Ipi, mama?"

"Picha yako. Jana nimeipanga albamu yote sandukuni. Ndugu zako wote wamo, mpaka jirani yumo na mbwa wake. Wewe humo hata moja."

 Picha zote zile alizipiga Chama Kimoja mwenyewe.

Dada aliichukua kamera. Kaka mtu akakaa sakafuni miguuni pa mama, hajui mikono aiweke wapi.

"Basi cheka," mama alimwambia, akimgusa begani. "Nitakuwa nakuangalia kila asubuhi."

Alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia, na dada akapiga hivyo hivyo.