Dawa ya Koko Kavugho

Banasemaka mimi Marie-Jeanne kinywa yangu haina mulango. Basi leo nitaiacha wazi, juu sitaki mutu mwingine asimulie vibaya habari ya koko Kavugho, mama muzee jirani yangu hapa Kimemi, mu Butembo.

Wakati vita ilimufukuza kwao Kalunguta, batu walikimbia na magodoro, na casseroles za kupikia, hata na milango. Yeye alibeba mufuko ya maharagi ya mbegu, basi. Ilikuwa mbegu ya marehemu mama yake, madogo, mekundu, yenye kutambaa ku miti. Mutoto yake Sikuli na muke wake Eliane walimupokea muzuri. Mais lakini kila mwenye kumusalimia, koko alimujibu kwamba yeye ni mugeni tu, mbegu yake inangojea kurudi. Mimi nikamubatiza Mugeni, kwa kumucheka.

Nyuma ya nyumba kulikuwa udongo muzuri. Nilimuambia apande, akakataa kabisa. Mutu anapandaka kwao, ndivyo alisema. Kupanda Butembo ni kukubali Kalunguta imekwisha.

Donc, basi, kazi yake ikawa kulinda mbegu. Jua ikitoka, alianika maharagi ku mukeka, akaondoa yenye kutobolewa na badudu, kisha akatwanga manjano makavu, ile mizizi ya kutia mu mboga, na kupakaa unga yake ku maharagi mpaka mikono inageuka rangi. Badudu hawapendi harufu ile. Mimi naipenda sana! Inanirudisha kwa mama yangu kule Lubero, wakati wa mavuno, sisi batoto tunachafua ukuta na vidole vya manjano na kukimbia fimbo. Nilikuwa nakaa karibu na koko kwa kunusa tu, tunaongea juu ya vilima vyetu mpaka chakula kinaungua ku moto.

Siku moja akaenda matanga kule Beni. Mbele ya kuondoka akamuambia Eliane: "Ile mufuko usiiguse, nimetia dawa."

Ole wa neno hilo! Kwetu kijijini dawa ya maharagi ni manjano, ni majivu. Mais Eliane ni mutoto wa mujini. Kwake dawa ni ile poudre ya duka, sumu yenye kichwa cha mufu ku sachet. Panya ikatoboa mufuko, Eliane akakuta batoto yake wanachezea maharagi yale ya rangi chini. Akanawisha batoto na sabuni, akachimba nyuma ya nyumba, akafukia yote.

Koko aliporudi, alikunja mufuko tupu ku magoti. Eliane alikuwa anapiga magoti, analia. Mimi nilitafuta wa kutukana, sikumupata. Kila mutu alikuwa na haki yake, na hiyo ndiyo ilinikasirisha zaidi.

"Leo mama yangu amekufa mara ya pili," koko akasema. Kisha akaingia kulala na jua bado iko juu.

Mvua ikaanguka, ikaanguka tena. Asubuhi moja Eliane akatuita nyuma ya nyumba. Maharagi yalikuwa yameota, yamesongamana kama batu ku mulango wa kanisa. Koko akainama, akaokota ganda moja, akalinusa. Bado lilinuka manjano. Akabaki amechutama pale, na mimi nikaogopa atang'oa yote.

Akaanza kuyatenganisha, moja kwa moja, na vidole.

Nikataka kumuchekesha kidogo. "Mugeni, nikuletee miti yapandie?"

"Leta," akasema. "Mais usiniite mugeni tena, Marie-Jeanne. Nimekwisha kupanda."

Nikalia mimi. Yeye hapana.