Mia na Sita

Vuli ikifika, malori ya mahindi hujipanga mbele ya ghala la ushirika la Rusk toka alfajiri. Mtu anayeyapima ni mdogo wangu, Torben Aasgaard. Anakaa ndani ya kibanda chenye dirisha moja. Lori likipanda juu ya mizani anasoma namba, anachapa risiti, anamnyooshea dereva mkono. Ana miaka ishirini na minne na mwili wake sasa umejaa, lakini wakulima wote, hata wale wenye wajukuu, humwita kwa jina lile lile.

"Mia na Sita! Mke wako anakulisha saruji?"

"Sina mke, mzee. Nakula mahindi yako ninayokuibia hapa kwenye mizani."

"Ndiyo maana! Nilisema mimi!"

Jina hilo alilipata akiwa na miaka kumi na minne. Alianza kupigana mieleka katika sekondari ya Vesterby, kijiji chetu, katika uzani wa ratili mia na sita, ambao ndio mdogo kuliko wote. Huku kwetu kaskazini mwa Iowa mwanamieleka huitwa kwa uzani wake. Utasikia mama anauliza dukani, "Mia na Ishirini wenu amepona goti?" na hakuna atakayeshangaa. Wengi hubadilisha jina kila mwaka kadiri wanavyokua. Torben hakukua. Miaka mitatu mfululizo alikuwa Mia na Sita wa Vesterby, na mwaka wa tatu alibakiza pambano moja tu kufika mashindano ya jimbo kule Des Moines. Alishindwa kwa pointi moja. Usiku ule alimwambia baba, "Mwakani," na baba akajibu, "Mwakani." Neno hilo lilikaa nyumbani kwetu kiangazi kizima kama mgeni anayesubiriwa.

Septemba ya mwaka wake wa mwisho wa sekondari, bibi yetu Solveig alianguka kwenye ngazi za chumba cha chini ya nyumba yake, akavunjika nyonga. Bibi alikaa Rusk, mji ulio maili kumi na moja kutoka shambani kwetu. Walimtia chuma, wakamrudisha nyumbani na kigari cha kutembelea, wakasema asilale peke yake. Mama yetu alikuwa amekufa tukiwa wadogo. Baba alikuwa na ng'ombe sitini wa kukamuliwa asubuhi na jioni. Tulimwomba Bibi aje shambani, akasema hatoki kwenye nyumba yake ila akiwa ndani ya jeneza, na hata hilo tupime kwanza kama linapita mlangoni.

Aliyebaki nilikuwa mimi. Nilikuwa chuo kikuu, mwaka wa mwisho, safari ya saa nne kwa gari. Baba alinipigia simu. Hakuniomba nirudi, alinieleza hali tu. Nami sikujitolea. Nilikuwa na tasnifu mezani na vitabu kumi na tisa vya maktaba. Kesho yake Torben akanipigia.

"Dada, tulia. Naenda mimi kwa Bibi."

"Na mieleka?"

"Rusk kuna mkeka. Mkeka ni mkeka."

Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua kitabu cha sheria.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba nilikuja kumsaidia kuhama. Kwetu mtu akihama, hakodi watu. Jirani anakuja na gari lake la mizigo, na kila anayesikia huja na glavu zake. Jirani wa Bibi, nyumba ya ng'ambo ya barabara, alikuwa Ruud, ambaye pia ni kocha wa mieleka wa shule ya Rusk. Alikuja na vijana wake sita, kwa sababu kocha akihitaji migongo huchukua iliyo karibu. Walibeba kitanda cha Torben, wakahamisha friji ya nyama ya Bibi kutoka chini hadi jikoni. Bibi aliwasimamia kutoka kwenye kiti.

"Wewe wa nywele nyekundu, inua! Hiyo friji si bibi arusi!"

Niliwapiga picha wakiwa mlangoni, wamevaa sweta za timu, Torben katikati akiwa mfupi kuliko wote. Wakati huo mimi ndiye niliyeandika matangazo kwenye ukurasa wa mtandaoni wa kanisa letu, kazi niliyopewa kwa kuwa sipendi kusimama mbele za watu. Niliweka picha ile na kuandika chini yake: "Mia na Sita amefika nyumbani. Karibu Rusk!"

Nilimaanisha mdogo wangu amefika kwa bibi yake. Lakini mwaka ule timu ya Rusk haikuwa na mtu wa uzani wa mia na sita. Mji wote ulijua. Mimi, niliyekuwa nasoma habari za watu waliokufa karne tatu zilizopita, sikujua.

Sheria ya uhamisho ilisema hivi: mwanafunzi akihama shule bila mzazi wake kuhama naye, hashindani katika timu kuu ya shule kwa siku tisini za masomo. Ukihesabu tisini kuanzia mwisho wa Oktoba, unafika katikati ya Machi. Mashindano ya jimbo ni Februari. Mlango mmoja ulikuwa umebaki: kuomba msamaha wa dharura mbele ya baraza la michezo. Tukaomba.

Aliyepinga ni Kocha Stanek wa Vesterby. Huyu ndiye aliyemfundisha Torben kusimama, kuinama na kuanguka toka ana miaka sita. Tulikaa katika ukumbi wa hoteli moja kando ya barabara kuu, watu watano wa baraza upande mmoja wa meza na sisi upande wa pili. Stanek alivaa tai ya msibani.

"Katika miaka mitatu vijana watano wamenihama," alisema. "Wote wamekwenda shule kubwa, na kila mmoja ana bibi mgonjwa. Hawa mabibi wana maradhi ya ajabu, waheshimiwa. Yanawashika Oktoba, yanawaachia Machi."

Watu wakacheka. Hata Torben alitabasamu kidogo.

Bibi akagonga kigari chake sakafuni. "Stanek! Mimi ndiye niliyekufundisha Shule ya Jumapili. Njoo hapa uguse nyonga yangu kama unadhani chuma hiki kinatoka Machi!"

"Samahani, Mama Aasgaard. Sisemi wewe unadanganya."

"Unasema nani sasa?"

Stanek alifungua bahasha, akatoa karatasi, akaisogeza mbele ya mwenyekiti. Ilikuwa picha niliyoipiga siku ya kuhama. Sweta sita za Rusk, kocha wa Rusk na gari lake, na chini yake maneno yangu.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani mikubwa. "Nani aliandika haya?"

Nikasimama. Nilikuwa na kurasa nne nilizoandaa, zenye vyanzo vyote. "Mimi. Ni jina lake tu. Kila mtu anamwita hivyo."

"Kwenye fomu ameandikwa Torben."

"Ndiyo, lakini..."

"Je, Oktoba Rusk walikuwa na mwanamieleka wa uzani wa mia na sita?"

"Hapana."

"Ahsante, binti. Unaweza kukaa."

Nikakaa. Kurasa zangu nne zilibaki mapajani. Lakini la muhimu zaidi halikuwemo hata katika kurasa hizo. Nilitaka kusema kwamba zamu ya kurudi nyumbani ilikuwa yangu, na huyu kijana aliichukua ili mimi nimalize vitabu vyangu. Ningelisema, pengine wangenielewa. Bibi alikuwa ameketi pembeni yangu, na watu wote walikuwa wananitazama. Sikulisema.

Wakakataa, kura nne kwa moja.

Baadaye niliisoma sheria ile mwanzo hadi mwisho, kama ninavyosoma kila kitu, nikitafuta ubaya wake. Sikuupata kirahisi. Iliandikwa kwa ajili ya vijana watano wa Stanek, kwa ajili ya vijiji ambavyo shule kubwa huvichuma kama mahindi mabichi. Ilikuwa wavu mzuri. Ila wavu hauulizi samaki alikuwa anakwenda wapi.

Torben alifanya jambo ambalo sikulielewa. Aliendelea kushusha uzani. Waliruhusu afanye mazoezi na wenzake, mashindano tu ndiyo yalikatazwa, na hakuna aliyemdai ratili hata moja. Ila kila siku ya pambano, asubuhi, alipanda mizani ya shule pamoja na timu. Bibi alipika lefse, mikate yake ile myembamba ya viazi, akaipaka siagi na sukari.

"Kula. Umekuwa kama mpini wa ufagio."

"Bibi, nikila hiyo nitakuwa mia na saba."

"Mia na saba ana ubaya gani? Si mtu?"

"Si mimi."

Bibi alizikunja lefse zile katika kitambaa na kuzitia kwenye friji. Kufikia Krismasi rafu mbili zilikuwa zimejaa.

Januari Vesterby walikuja kupambana na Rusk. Nilikuwa likizo, nikaenda. Ukumbi ulinukia maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini, chakula cha siku za mieleka. Torben alikaa mwisho wa benchi la Rusk amevaa suruali ya jinzi, kwa sababu hakuruhusiwa kuvaa vazi la timu. Nilipoinama kuokota glavu yangu niliona miguu yake. Chini ya ile jinzi alikuwa amevaa viatu vya mieleka, kamba zimefungwa mara mbili.

Mtangazaji akaita. "Uzani wa mia na sita. Vesterby?"

Stanek akatikisa kichwa. Hakuwa amepata mtu wa kuziba pengo aliloacha Torben.

"Rusk?"

Ruud akatikisa kichwa.

Mwamuzi akaenda katikati ya mkeka mtupu, akasimama pale peke yake, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akapunga mikono chini: hakuna. Hakuna pointi kwa yeyote. Shule mbili zilikuwa zimekosa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ameketi hatua nane kutoka kwenye duara, asubuhi ile amepima ratili mia na sita kamili. Ukumbi mzima ulijua. Nilisikia kikohozi kimoja, halafu mtangazaji akaita uzani unaofuata.

Vesterby walishindwa siku ile kwa pointi nne. Mtu akimbana mpinzani mabega chini, timu yake hupata pointi sita.

Baada ya pambano Stanek alivuka ukumbi hadi kwenye benchi. Nilidhani atajitetea.

"Umepima leo?"

"Nimepima, Kocha."

"Ngapi?"

"Unajua ngapi."

Stanek alitazama viatu vile. "Bado unaangusha kiwiko cha kushoto ukiingia miguuni mwa mpinzani?"

"Bado."

"Miaka kumi na miwili nakupigia kelele kwa kiwiko hicho. Mwambie Ruud akurekebishe."

"Amesema kimeharibiwa toka utotoni, hakitengenezeki."

Stanek alicheka, kisha uso ukamgeuka, akaondoka haraka kwenda kwenye basi lao.

Siku ya tisini ilikuwa Jumanne ya Machi. Theluji ilikuwa imeanza kuwa matope. Mkeka ulikuwa umeshakunjwa na kufungwa kamba, na ukumbini walikuwa wanapigilia mbao za mchezo wa kuigiza. Ruud ndiye aliyenisimulia. Torben alikwenda peke yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akavua viatu, akapanda mizani. Mia na sita. Akashuka, akavaa viatu, akarudi kwa Bibi, akafungua friji. Alikula lefse mpaka Bibi akamwomba aache.

Bibi aliishi miaka mitatu zaidi, akatoka nyumbani kwake kama alivyoahidi. Jeneza lilipita mlangoni. Torben alibaki na nyumba, akapata kazi ghalani. Mimi nilimaliza tasnifu, nikarudi baada ya haja kupita, na sasa nafanya kazi katika maktaba ya mji. Februari ikifika, jioni za mashindano ya jimbo, mdogo wangu hazimi redio wala haisikilizi. Anaiacha iseme peke yake jikoni, yeye yuko nje anazoa kwa koleo theluji ambayo ameshaizoa.

Oktoba iliyopita nilimpelekea chakula cha mchana. Hapakuwa na lori. Nilisimama nje ya dirisha la kibanda na, bila kupanga, nikalitoa neno lile nililolimeza.

"Ilikuwa zamu yangu kurudi. Kwa Bibi. Ilinipasa niwaambie siku ile hotelini."

Alitafuna kwanza. "Umesimama juu ya mizani, dada."

Nikatazama chini. Kweli, nilikuwa nimesimama juu ya bati lile pana. "Inasema ngapi?"

"Mia na arobaini. Lakini usiiamini. Ni ya malori, inaruka ishirini ishirini." Aliitazama namba ile nyekundu kwa muda. "Usiku mmoja, nilipoanza kazi hapa, nilikaa nikafikiria. Hapa mia na sita haipo. Kuna mia, halafu mia na ishirini."

Nikaegemea dirisha.

"Na ungewaambia," akasema, "Bibi angedhani sote wawili tulitegeana nani aende. Ulifanya vizuri kukaa. Sasa shuka, kuna mtu anakuja."

Lilikuwa lori la kijani, la zamani, kutoka upande wa Vesterby. Stanek amestaafu ukocha na analima shamba la mkewe. Kuna ghala maili mbili tu kutoka kwake, lakini mahindi yake huyaleta kwetu, maili kumi na moja. Alipanda juu ya mizani taratibu, akazima injini, akashusha kioo.

"Kiwiko!" akapiga kelele.

Ndani ya dirisha, Torben aliinua kiwiko cha kushoto hadi usawa wa sikio, akakiacha hapo, na kwa mkono wa kulia akabonyeza kitufe cha risiti.